Jumamosi Kumi na Mbili

Bwenini, 9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Za kazi? Mimi mzima, ila mafua yamelizunguka bweni lote na ninasubiri zamu yangu. Nyumbani hawajambo, kwa barua ya mama iliyofika juzi. Baba amebadilisha mabati ya jikoni na sasa anatembea kifua mbele, utadhani amejenga kanisa. Bibi yupo. Mama anasema siku hizi anakuulizia. Anasema, "Yule wangu wa mwisho yuko wapi?" Naandika kama nilivyoambiwa, usinikasirikie.

Sasa habari ya shule. Sisi wa kidato cha tatu tutakaopakwa mafuta ya Kipaimara na askofu mwaka huu tumepewa huduma. Si ile ya kufagia kanisa, hiyo tumeizoea. Kila Jumamosi saa nne asubuhi tunavuka barabara kwenda nyumba ya wazee, kila mmoja na mzee wake, kwa Jumamosi kumi na mbili. Tuna kadi yenye visanduku kumi na viwili, kila kimoja na tarehe yake, na kazi ikiisha mzee anaweka dole gumba kwenye kisanduku cha siku hiyo. Sista Mlezi, ndiye anayetusimamia, ameapa kwamba kadi isiyojaa haitamfikia askofu, na mwenye kadi hiyo vilevile.

Wenzangu wamepata wazee wapole wa kusali nao rozari. Mimi nimeangukia kwa Bibi Cherehani. Wanamwita hivyo kwa sababu alishona nguo miaka hamsini. Miguu haimbebi tena, lakini akiwa anawaza jambo utaona kisigino kinapiga pedali chini ya shuka. Siku ya kwanza alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni akaniuliza, "Umefanya kosa gani hata wakakuleta kwangu?" Nikasema sijafanya kosa, ni huduma. Akasema, "Haya, hudumu. Anza na hilo pindo la sketi yako, limeshonwa na mtu aliyekuwa anakimbia." Shangazi, alinifumulia pindo nikiwa nimelivaa!

Namwosha miguu, namkata kucha, namlisha uji kwa sababu mikono inamtetemeka akishika kijiko, ingawa akishika sindano haitetemeki hata kidogo. Nikimwambia tusali, anasema tusali fupi. Nikirudi bwenini situlii, najiuliza kama hiyo ni imani au ni uvivu.

Wewe ulisoma hapa hapa. Wakati wenu mlikuwa na huduma? Baba nikimuuliza habari za wakati ule anatafuta miwani yake na kutoka nje.

Ni mimi,
binti wa kaka yako

*

Ofisi ya vifurushi, 25 Februari

Bi Maswali,

Marahaba mwanangu. Nisamehe kwa kuchelewa. Karani mwenzangu amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima, na mimi nimebaki peke yangu na mizani, kamba, chaki, na watu wanaoapa kwamba mzigo wao hauna maji ndani huku unavuja mezani. Hii barua naiandikia juu ya boksi la vioo vya mtu, kwa hiyo ukiona mwandiko umetulia ujue ni kwa hofu.

Nimetuma nyumbani kifurushi, mama yako atakuwa ameshakipata: sabuni, dawa ya miguu ya bibi yako, na blanketi jepesi. Nimekifunga kwa mkono wangu, kamba mara mbili. Kuhusu kuja, Pasaka nitaona. Kazi ikiniachia nitakuja.

Wakati wetu kadi hazikuwepo. Kulikuwa na sista mmoja aliyekuwa akisimama getini tukirudi kutoka kuhudumia wagonjwa hospitali, anatunusa mikono. Ukinukia sabuni tupu bila dawa ya vidonda, alijua umeshinda bustanini ukila mapera. Mimi alinikamata mara moja tu, na tangu siku hiyo nikawa napitia kwanza chumba cha dawa kabla ya kwenda bustanini.

Baba yako mwache na miwani yake. Ni habari ndefu, na mimi nina foleni ndefu, na mtu mmoja hawezi vyote viwili.

Huyo Bibi Cherehani mshike vizuri. Nimempenda kabla ya kumwona. Mtu akikutukana pindo lako siku ya kwanza, huyo hana haja ya kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Shangazi yako

*

Bwenini, 16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi kilifika, mama anashukuru. Bibi amekataza blanketi lisitumike, amelikunja akaliweka chini ya mto, anasema ni la mgeni. Mafua yalinipata yakaniacha. Hisabati nimepata sitini na moja, tafadhali usimwambie baba mpaka nifike mwenyewe.

Nina jambo la kuchekesha. Jumamosi ya tano nilipompelekea Bibi Cherehani kadi na kikopo cha wino, aliishika kadi akaisogeza karibu na jicho lake linaloona. "Bado mara ngapi?" Nikasema nane, pamoja na leo. Akasema, "Wino huu unanichafulia mashuka, na anayefua si wewe. Lete." Akapiga dole gumba pa, pa, pa, mpaka kisanduku cha mwisho, cha tarehe tano Aprili, kisha akajifuta kwenye aproni yangu. "Haya. Sasa ukija, utakuwa umekuja mwenyewe." Nilicheka mpaka muuguzi akachungulia.

Sista Mlezi sijamwonyesha. Si kosa langu, sivyo? Mwenye kidole ni yeye.

Na nilikwenda! Jumamosi mbili nyingine nilikwenda bila kukosa, na kadi iko sandukuni imejaa. Lakini ile ya mwisho alinituma nivute begi chini ya kitanda. Ndani mna gauni la buluu, zuri, la kola nyeupe. Akasema, "Hili nilijishonea nilipokuwa mrefu. Sasa mimi nimepungua na lenyewe halijapungua. Wiki ijayo njoo na uzi wa rangi hii, tulipandishe." Akaanza palepale kulitia pini. Nikamuuliza kama kuna sherehe. Akasema, "Ipo, ila mimi sitacheza." Nikacheka tena. Nilielewa nikiwa nimeshafika katikati ya barabara.

Jumamosi iliyopita sikwenda, na jana pia sikwenda. Tuna mazoezi mengi ya kwaya kwa ajili ya askofu. Ijayo nitakwenda.

Wako

*

Bwenini, 13 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yangu ya Machi hukuijibu, labda zetu zimepishana njiani. Nyumbani salama, isipokuwa bibi amejimwagia chai mkononi. Si sana. Mama anasema alisahau kama ameshika kikombe.

Shangazi, maji yamenifika shingoni na hapa sina wa kumwambia.

Bibi Cherehani amefariki. Alifariki Alhamisi tarehe 27 Machi, wakamzika kesho yake sisi tukiwa darasani. Mimi nimejua jana. Jumatatu nilikuwa nimerudisha kadi yangu pamoja na wenzangu, imejaa, nikasema basi sasa yameisha ya kadi, nitakwenda kumwomba radhi na tushone lile gauni. Nikaomba uzi wa buluu kwa fundi wa sare, nikavuka barabara. Kitandani kwake kulikuwa na mama mwingine, mnene, ananitazama. Muuguzi ndiye aliyeniambia. Akasema, "Kila Jumamosi alikuwa anakuulizia. Nilitaka kuja kukuita, akakataa, akasema una mitihani."

Hatukuwa na mitihani. Na ile kwaya niliyokuandikia ni ya saa kumi jioni. Saa nne nilikuwa nakaa nyuma ya kamba za kuanikia nguo mpaka wenzangu warudi, kisha najichanganya nao. Wazee wao wako jengo jingine, hakuna aliyejua. Jumamosi tano. Niliogopa, Shangazi. Niliona siwezi kushona nguo ya mtu ya kuzikwa huku mwenyewe ananitania. Nikajiambia wiki ijayo, na kadi ilikuwa imejaa, kwa hiyo hakuna aliyenisukuma.

Nikaulizia gauni. Muuguzi akasema walimvika hilo hilo, na pini kwenye pindo, hakukuwa na mtu wa kulishona.

Hayo si yote. Sista Mlezi ameipenda kadi yangu. Amesema ndiyo safi kuliko zote, madole yamekaa katikati ya visanduku. Ameibandika ubaoni mbele ya bwalo. Siku ya Kipaimara, tarehe nane Juni, mimi ndiye nitakayepeleka vipaji, mkate na divai, altareni, na nitasoma ushuhuda wa huduma mbele ya askofu na wazazi wote. Madole mawili kwenye kadi ile ni ya tarehe ambazo mwenyewe alikuwa ameshazikwa, na kila mtu anaipita akienda kula.

Niseme? Nikisema watanifukuza? Wewe unawajua hawa. Nijibu upesi.

Wako

*

Ofisi ya vifurushi, 22 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Pole sana, pole kwa bibi yako wa huko. Barua ya Machi niliipata, nikaiweka mfukoni nijibu, ikafuliwa na koti. Ndiyo sababu, hakuna nyingine. Pasaka sikuenda nyumbani. Mizigo ilijaa mpaka tukaipanga nje, na mvua nayo ikaja. Mkono wa bibi yako nimesikia, nimetuma dawa ya kuungua na bandeji.

Nakujibu upesi kama ulivyotaka: nyamaza.

Nenda kwa padre ukaungame. Pale mtaongea wawili, na padre habandiki kitu ubaoni. Ukitoka hapo, funga mdomo, pakwa mafuta yako, soma ushuhuda wako, rudi ukae. Bibi Cherehani hatafufuka eti kwa sababu wewe umejifukuzisha shule. Na yeye mwenyewe alikupigia hayo madole kwa mapenzi yake. Alitaka uwe na raha.

Utasema shangazi gani huyu anafundisha watoto uongo. Basi ngoja nikupe ile habari ndefu, nusu yake. Nilipomaliza hapo shuleni niliingia utawani. Bibi yako alikuwa ametangaza parokia nzima, mpaka muuza mkaa alikuwa ananiita Sista. Nilikaa miaka mitatu. Wiki sita kabla ya nadhiri za kwanza nilimwendea mama mlezi nikamwambia kweli: sisikii wito wowote. Wenzangu walikuwa wanasikia sauti ya Mungu, mimi nilikuwa nasikia kengele ya chakula. Wote walinisifu. Walisema nina ujasiri. Wakanipa nauli na gauni la raia.

Nilipofika nyumbani bibi yako alifungua mlango. Akaniangalia lile gauni. Akasema, "Mimi nina mtoto mmoja, na sasa hivi yuko kazini." Akafunga.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na hiyo ni miaka kumi na tatu iliyopita. Nilisema kweli, nikapoteza mama. Kwa hiyo mtu mwingine akutie moyo wa kusema kweli, mimi siwezi.

Kula. Usikonde.

Shangazi yako

*

Bwenini, 11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa taulo na mafuta ya nywele.

Nimeungama. Padre alinisamehe kwa jina la Mungu, halafu akaniuliza, "Na waliodanganywa je?" Nikasubiri aendelee, akaniambia niende kwa amani. Sikuenda kwa amani. Kwenda kula napita nyuma ya jiko ili nisione ubao, na wapishi wameshaanza kudhani naiba mkate. Ushuhuda nimeuandika mara tisa. Nikifika kwenye neno "nilimhudumia" kalamu inakataa, nainuka, nazunguka uwanja, narudi, inakataa tena.

Mama ameandika. Bibi amemwita yeye kwa jina lako na kumpa lile blanketi, akamwambia, "Umekawia." Mama alilia jikoni. Anasema mtu anayetaka kuja aje mapema. Hakusema ni nani, lakini wote tunajua.

Nikuulize, na usipotaka usijibu. Ile siku, alipofunga mlango, ulibisha tena? Au ulirudi siku nyingine ukabisha?

Wako

*

Ofisi ya vifurushi, 29 Mei

Bi Maswali,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo tu. Karani mwenzangu amerudi na mtoto wake, anamlaza ndani ya boksi la vitabu, na wateja wamekuwa na adabu ghafla.

Swali lako nimeliona. Sikubisha tena, na sikurudi. Umeridhika?

Nyie watoto mnadhani kuja ni kupanda gari tu. Nimemfungia bibi yako kifurushi kingine, nikakifungua, nikakifunga upya. Wiki ya pili hii kiko chini ya meza yangu na mguu wangu unakigonga kutwa. Sijui kwa nini sijakituma. Ni shali tu na soksi.

Na huyo mama yako, kama ana la kuniambia aniandikie mimi.

Tarehe nane simama wima, usimeze maneno, usitazame watu wa mbele. Nitakuwa nakuombea, kama bado wananisikiliza huko juu.

Shangazi yako

*

Bwenini, 15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa. Nyumbani baba ndiye aliyekuwa mgonjwa wiki hii, wa hasira, na sababu ni mimi.

Sikupata Kipaimara. Nimesema.

Haikuwa kwa ujasiri. Ijumaa tarehe sita Sista Mlezi alitaka kuuona ushuhuda wangu kabla sijausoma mbele ya askofu. Ule wa tisa niliuchana. Nikakaa darasani wakati wa mapumziko nikaandika wa kumi, na huo ulitoka wenyewe bila kusimama: pindo, wino, gauni, kamba za nguo, pini, muuguzi, mitihani ambayo haikuwepo. Nikampelekea ofisini. Alikuwa anahesabu mishumaa ya Jumapili. Alisoma akiwa amesimama. Katikati ya ukurasa akakaa.

Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema padre na shangazi yangu. "Shangazi yako alikuambia nini?" Nikaanza kupanga mishumaa yake. Alinitazama sana, Shangazi, nadhani anakukumbuka.

Nilijua atapiga kelele. Angepiga kelele ningepona haraka. Alitoka mpaka ubaoni, mimi nyuma yake, wasichana wamejipanga na sahani zao. Pini ilikuwa imezama, akaing'oa kwa ukucha mpaka ukucha ukakatika. Akairudisha kadi ofisini akainama juu yake. Akasema, "Mimi nilihesabu madole tu. Nilikuwa kwenye msiba ule, niliimba, sikuuliza alikuwa mzee wa binti yupi, na bado nikahesabu madole tu." Akavua miwani. Sijawahi kumwona sista analia. Niliomba ardhi inimeze.

Hawajanifukuza. Nimeondolewa kwenye orodha, Kipaimara mpaka mwaka ujao. Jumapili ile nilikaa benchi la nyuma kabisa na wadogo wa kidato cha kwanza, nikiwaangalia wenzangu wanapakwa mafuta mmoja mmoja. Waliosoma nami tangu kidato cha kwanza hawanisemeshi, wanasema nimewaharibia, kwa sababu sasa kadi zote zinakaguliwa. Baba alikuja. Ofisini alikuwa mpole mpaka nikaogopa, na tulipotoka getini akaniambia nimemvua nguo mbele ya parokia. Mama alinishika mkono tu.

Jana nilivuka barabara tena. Sista Mlezi ameniambia naweza kwenda nikitaka, ila sitapewa kadi. Nimekaa na yule mama mnene. Hasemi kitu. Nilimlisha, akanitemea, nikamfuta. Nilitamani kuondoka tangu dakika ya kwanza, lakini nilikaa mpaka saa sita, muda ule ule wa huduma.

Sasa nakuambia kitu na ukikasirika ukasirike. Mimi nilimwacha mtu akafa akinitolea udhuru wa mitihani, kwa sababu niliogopa, na kwa sababu kadi ilikuwa imejaa. Wewe kila mwezi unatuma sabuni. Unatuma blanketi, dawa, bandeji, unafunga kamba mara mbili. Bibi hajawahi kuomba sabuni. Amekuuliza wewe. Mama anasema asubuhi nyingine hamjui hata baba. Ukitaka kunifokea unifokee, lakini unifokee ukiwa nyumbani.

Mtoto wako

*

Nyumbani, 6 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nakuandikia kwenye meza ya jikoni. Mama yako amenenepa, nimemwambia, akafurahi na kununa kwa pamoja. Baba yako hasira zimeshuka, sasa anasema mtoto wake ana msimamo, na kwamba msimamo huo ameurithi kwake. Tumemwachia.

Barua yako niliisoma foleni imefika mlangoni. Nilipofika kwenye sabuni nikafunga dirisha la ofisi. Watu wakagonga, nikasoma tena. Nilikasirika siku nne. Nilikuwa nakujibu nikipima mizigo, nikakosea uzito wa magunia mawili. Siku ya tano nikamwomba bosi ruhusa, akaniuliza kuna msiba? Nikasema bado. Kile kifurushi cha chini ya meza nimekiacha huko huko.

Baba yako ndiye aliyenifungulia. Alisahau hata kunisalimu, akanionyesha chumba kwa mkono.

Nilikuwa nimejiandaa, mwanangu. Miaka kumi na tatu nimekuwa nabishana naye kichwani, nina majibu ya kila neno ambalo angenitupia. Alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Amekuwa mdogo. Nikapiga magoti, nikamwamkia. Akaitikia vizuri sana, kama anavyomwitikia mtu wa heshima, akaniuliza, "Wewe ni wa parokia?"

Nikasema hapana.

"Wa parokia huwa wanakuja kuniona. Mimi nina binti, lakini yeye hawezi kuja. Ni sista. Kazi ni nyingi huko, na hawawapi ruhusa." Aliyasema haraka haraka, kwa kunitetea, kana kwamba mimi mgeni nimekuja kumsema mtoto wake vibaya.

Nikuambie ukweli, nilitaka kuliacha hapo hapo. Lilikuwa zuri. Nilikuwa sista, nilikuwa mtoto mwema, na hakuna aliyefunga mlango. Ningekubali tu, nimwoshe miguu, niondoke jioni. Nikakuona wewe umesimama ofisini kwa yule Sista Mlezi, ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa ananinusa mikono.

Nikasema, "Mama, ni mimi. Utawa niliuacha. Niliwaambia sisikii wito, wakaniruhusu, nikarudi nyumbani."

Alinitazama. Kisha akanishika mkono, akaupigapiga kwa kiganja chake kile kilichoungua.

"Maskini," akasema. "Na mama yako alisemaje?"

Nikamwambia alifunga mlango.

Akatikisa kichwa. "Ni aibu tu hiyo. Alikuwa ameshawaambia watu. Atakuwa alijuta hata hujafika barabarani, lakini angemkimbiliaje mtoto kwa miguu hii? Nenda kamwone."

"Nimekuja, mama," nikasema. "Ndiyo nimekuja."

"Vizuri," akasema, akaniachia mkono. "Basi usikae sana hapa kwangu. Asije akawa anakusubiri."

Shangazi yako